Usimwache mtoto wa mbwa abugie chakula
Mfugaji anayelea mtoto wa mbwa ili aje kulinda mbuzi na kuku asipuuze tabia ya kubugia chakula. Anayebugia huweza kupaliwa au kutapika, na chakula ulichogharimia kikapotea bure.

Mara nyingi chanzo ni kugombania sahani na wenzake, njaa au minyoo. Kila mmoja apewe chombo chake, mbali na mwenzake. Gawa chakula cha siku mara tatu au nne. Kitandaze kwenye sinia pana, au weka ndani ya bakuli jiwe safi, kubwa asiloweza kumeza. Kuhusu dawa ya minyoo, muulize mtaalamu wa mifugo.

Tumbo likivimba ghafla, akawa anajaribu kutapika bila kutoa kitu, usingoje kesho. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Kuchelewa ni kumpoteza mlinzi.