Mtoto wa Jicho: Bibi Naye Apelekwe Hospitali

 

Leo tujifunze juu ya ugonjwa unaowapofusha wazee wengi vijijini, hali tiba yake ipo. Ugonjwa huo ni mtoto wa jicho. Duniani kote ndio unaoongoza kwa kuleta upofu.

MTOTO WA JICHO NI NINI?

Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, ipo lenzi. Lenzi ni angavu kama kioo cha dirisha. Mtu akizeeka, lenzi huanza kuingia ukungu na mwanga haupiti vizuri. Mgonjwa hasikii maumivu, ila huona kama yumo ndani ya moshi. Mwishowe mboni huonekana nyeupe. Kisukari na kuumia jicho huweza kuleta ugonjwa huu hata kwa vijana.

Mtoto wa jicho haponi kwa matone, wala majani, wala asali, wala maziwa ya mama. Vitu kama hivyo huweza kuliharibu jicho kabisa. Tiba ni upasuaji tu. Daktari hutia ganzi, huondoa lenzi yenye ukungu, na kuweka lenzi ya plastiki mahali pake. Lenzi ya namna hiyo iliwekwa mara ya kwanza mwaka 1949 na daktari Harold Ridley, huko London. Kwa kawaida kazi yenyewe haifiki nusu saa.

NANI HUACHWA NYUMBANI?

Upasuaji upo, lakini hauwafikii wazee wote sawasawa. Madaktari bingwa wa macho wengi wako mijini. Mzee wa mjini hupanda daladala akafika. Mzee wa kijijini huhitaji nauli ya watu wawili, kwa kuwa hawezi kusafiri peke yake. Tena huhitaji chakula na mahali pa kulala msindikizaji wake. Hata upasuaji ukiwa wa bure, safari si ya bure.

Tena mama huachwa kuliko baba. Katika nchi nyingi maskini wanawake ni wengi zaidi miongoni mwa vipofu, lakini wanaume ndio hupasuliwa zaidi. Uchunguzi wa mkoani Kilimanjaro, uliotolewa mwaka 2005, ulionyesha kuwa fedha si kizuizi pekee. Uamuzi wa kumpeleka mzee uko mikononi mwa familia, na wazee wengi huona shida kuomba.

Tuangalie nyumba zetu. Baba akipofuka, gunia la mahindi au mbuzi huuzwa upesi. Mama akipofuka, watu husema, "Bibi amezeeka, anataka kuona nini tena?" Naye hujibu, "Niacheni wanangu, msipoteze fedha." Si kwamba hataki kuona. Anaogopa kuwa mzigo.

Lakini mzigo upo tayari. Mjukuu ndiye anayemshika fimbo kwenda chooni na kwa majirani, na siku nyingi hakanyagi shuleni. Bibi akiona tena, atachambua mchele, atapalilia bustani, na mjukuu atarudi darasani.

TUFANYE NINI?

1. Mpime mzee nyumbani. Mfunike jicho moja, simama umbali wa meta 6, mwonyeshe vidole ahesabu. Kisha pima jicho la pili. Akishindwa, mlete zahanati.

2. Jicho likiwa jekundu na linauma, usingoje. Huo huenda si mtoto wa jicho. Presha ya jicho, kwa mfano, huua uwezo wa kuona, na uliokwisha kupotea haurudi.

3. Serikali ya kijiji iandike majina ya wazee wasioona, wanaume kwa wanawake, nyumba kwa nyumba. Huduma ya mkoba ya macho ikija, orodha iwe tayari.

4. Wazee kadhaa wasafiri pamoja na msindikizaji mmoja au wawili. Gharama itapungua.

5. Ulizeni kwa mtendaji na hospitali ya wilaya utaratibu wa matibabu ya wazee. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mtu wa miaka 60 na zaidi kuwa mzee, na inataka wazee wapate huduma za afya.

6. Baada ya upasuaji, mgonjwa atumie matone aliyopewa, asifikiche jicho, asibebe mizigo mizito, na arudi hospitali siku aliyopangiwa.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Katika kijiji chetu wako wazee wangapi wasioona? Wanawake ni wangapi?

2. Ni nani huamua fedha za nyumba zitumike kwa mgonjwa yupi?

3. Ni mtoto gani anayekosa shule kwa sababu anamwongoza mzee? Tumsaidieje kabla ya mavuno yajayo?