Kalamu ya Kujitegemea: Mwanafunzi Anaweza Kuanzia Wapi?

Ukimwuliza mwanafunzi yeyote wa hapa Kabianga angependa kuwa nani siku za usoni, atakujibu bila kusita: daktari, wakili, rubani au mkimbiaji wa mbio ndefu. Mimi nikijibu kwamba nataka kuwa mwandishi wa magazeti, darasa zima huangua kicheko. Nyumbani nako ni vivyo hivyo. Mama huniuliza, "Na mshahara utakuwa unalipwa na nani?" Swali hilo la mama ndilo lililonifanya nishike kalamu kuandika makala haya, maana nilipoanza kulichunguza niligundua kuwa waandishi wengi hawana mshahara kabisa.

Hao ndio huitwa waandishi wa kujitegemea. Mwandishi wa kujitegemea hajaajiriwa na gazeti, redio wala televisheni yoyote. Hutafuta habari mwenyewe, akaiandika, akampelekea mhariri, na ikichapishwa ndipo anapolipwa. Isipochapishwa, imekula kwake. Waweza kumfananisha na mkulima mdogo wa majani chai: shamba ni lake, kuchuma ni juu yake, gunia hulibeba mwenyewe hadi kituoni, na majani yakikataliwa hana wa kumlilia.

Wengi wetu hudhani kwamba habari za Kericho na Bomet huandikwa na watu walioketi Nairobi. La hasha! Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lilipopoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani na watu zaidi ya 50 wakapoteza maisha yao, Nairobi ilikuwa umbali wa zaidi ya kilomita 200. Gazeti haliwezi kuweka mwajiriwa katika kila makutano ya nchi hii. Lazima litegemee watu wa mashinani, na wengi wao ndio hawa wanaolipwa kwa kila habari. Isitoshe, mwaka 2020 wakati wa korona, vyombo kadhaa vya habari nchini vilipunguza wafanyakazi, na baadhi ya waliopoteza kazi wakabaki kuandika kwa kujitegemea.

Mwaka jana Chama chetu cha Kiswahili kilimwalika mwandishi mmoja wa aina hiyo aje kuzungumza nasi. Tulitarajia kumwona mtu wa suti na gari. Alikuja kwa bodaboda, viatu vimejaa matope, na mkoba wenye daftari, chaja ya simu na mwavuli. Alituambia wazi kwamba ana shamba la majani chai na ng'ombe wawili, na kuwa bila hivyo vitu asingeweza kuandika. Kuna siku alilipwa pesa zisizotosha hata nauli aliyotumia kufuata habari yenyewe. Kuna habari zilizochapishwa na malipo yakaja baada ya miezi. Tulipomwuliza kwa nini hajaacha, alicheka tu, akatuuliza kama sisi huacha kula ugali kwa sababu juzi uliungua.

Jambo lililonishangaza zaidi ni ushauri wake kuhusu habari za kuchagua. Mimi nilidhani mwandishi mpya hukimbilia habari kubwa. Yeye alisema kinyume. Bunge la kaunti yetu lilipopiga kura ya kumwondoa gavana mamlakani Oktoba 2024, na tena Agosti 2025, waandishi walijaa mjini Kericho kama siafu. Kijana asiyejulikana angemwuzia mhariri nini hapo, wakati mhariri ameshatuma watu wake? Lakini daraja la miti ambalo wanafunzi huvuka mto ukiwa umefurika, au akina mama wanaoanza kulima parachichi baada ya kung'oa michai, hakuna mwingine atakayeleta habari hizo. Hapo kijana yuko peke yake sokoni.

Tena sisi tuna mali moja ambayo mwandishi wa kutoka mbali hana, nayo ni lugha ya nyumbani. Chukua mfano wa ukoo wa Talai. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu kutoka nchi hii yetu ya Kericho ikawapeleka Gwassi, karibu na ziwa Victoria, mahali penye joto na maradhi. Mwaka 2022 Wakipsigis na Watalai walipeleka malalamiko yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na ndipo magazeti ya ng'ambo yakaandika kwa wingi. Lakini wazee wetu walikuwa wakisimulia jambo hilo kando ya moto kwa miaka mingi, kwa Kikipsigis, na sisi wajukuu tukisinzia! Nyanya yangu, ambaye sisi humwita kogo, anajua majina ya vilima vilivyokuwa na watu kabla ya mashamba makubwa ya chai kupandwa. Sijui wangapi kati yetu tumewahi kuyaandika.

Basi mtu anaanzaje? Mlango ulio wazi kwa mwanafunzi ni barua kwa mhariri. Hailipwi hata senti, lakini haikuulizi cheti wala kitambulisho. Ukurasa wa mashairi ya wasomaji katika gazeti la Taifa Leo pia umewatoa watu wengi gizani. Njia hii ni ya zamani mno. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani wa serikali kule Tanganyika, na mashairi yake yalitoka katika gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923. Ngugi wa Thiong'o naye, alipokuwa mwanafunzi wa Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuwa akiyaandikia magazeti ya Nairobi makala.

Kama unadhani hao walikuwa watu wazima tayari, msikilize huyu. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943 akalelewa Tanganyika. Akiwa bado mvulana wa shule huko Dar es Salaam, alipiga picha za mashindano ya magari ya Safari akaziuza kwa magazeti. Mwaka 1963, hata miaka 21 hajafika, alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix. Si kwamba mambo yalimnyookea: mwaka 1966 alifungwa Zanzibar kwa siku 28. Mwaka 1984 picha zake za njaa ya Ethiopia zilionyeshwa na BBC na ulimwengu mzima ukatoa michango. Mwaka 1991 alipoteza mkono ghala la silaha lilipolipuka mjini Addis Ababa, lakini akaendelea na kazi kwa mkono wa bandia hadi alipofariki mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka karibu na visiwa vya Komoro. Huyo alianza na kamera ya mtoto wa shule. Siku hizi simu nyingi tulizo nazo nyumbani hupiga picha nzuri kuliko kamera ile.

Ukishazoea barua, unaweza kumpelekea mhariri pendekezo la makala. Mgeni wetu alisema kosa la wengi ni kutuma kurasa 10 za mkononi zinazoanza na "Tangu enzi za Adamu na Hawa". Mhariri hana muda huo. Mwandikie barua pepe ya aya mbili: habari ni nini, inamhusu nani, kwa nini isomwe sasa na si mwaka ujao, umezungumza na akina nani, na nambari yako ya simu. Usiwapelekee wahariri watatu kitu kilekile kwa siku moja, kwani wakikichapisha wawili utakosana na wote. Akikaa kimya wiki mbili, mkumbushe kwa adabu, kisha peleka kwingine. Habari yenyewe ijibu nani, nini, lini, wapi, kwa nini na vipi, na jibu kubwa likae juu kabisa, maana nafasi ikiwa ndogo mhariri hukata kutoka chini.

Sasa niseme kosa langu, ingawa wengi wenu mnalijua. Muhula wa kwanza nilimsindikiza kogo kwenye kituo cha kununulia majani chai. Mizani ilionyesha kilo 14, karani akaandika 13. Kogo akanung'unika kwa sauti ya chini, nami damu ikanichemka. Kesho yake nikabandika kwenye gazeti la ukutani la Chama habari yenye kichwa "Wizi wa Kilo Kituoni", na jina la kituo nikaliweka. Wanafunzi walisongamana pale kama kwenye duka la mandazi. Kwa siku mbili nilitembea kifua mbele.

Siku ya tatu niligundua kuwa msichana mmoja wa kidato cha pili hakuja kula chamcha pamoja na wenzake. Alikuwa binti wa yule karani, na wavulana walikuwa wamempa jina la "Kilo Moja". Mwalimu mlezi wa Chama aliniita akaniuliza neno moja tu: "Ulimwuliza karani?" Sikuwa nimemwuliza. Tulikwenda naye hadi kituoni. Karani hakufoka. Alituonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: kila gunia hupunguzwa kilo moja kwa ajili ya uzito wa gunia na maji yaliyoshika majani. Amri ilitoka juu, yeye ni wa kuandika tu. Niliiondoa habari ile, nikabandika ya kuomba radhi, lakini msichana yule hanisemeshi hadi leo, na sina la kumlaumu.

Tuliporudi, mwalimu aliniambia jambo ambalo lilinikosesha usingizi. Alisema habari ilikuwepo, ila mimi niliipita. Nilikwenda dukani nikapima gunia tupu la kogo: halikufika hata nusu kilo. Na siku ile haikuwa imenyesha. Je, hiyo kilo nzima ilipangwa na nani, na kwa hesabu gani? Hilo ndilo swali nililopaswa kuuliza, na nililipoteza kwa kumwita mtu mwizi.

Sheria nayo ni vizuri tuijue mapema. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2017 kwamba kumharibia mtu jina si kosa la jinai tena, lakini bado anaweza kukushtaki umlipe fidia, na fidia yaweza kumeza shamba. Kwa upande mwingine, Katiba ya 2010, katika ibara ya 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma iliyoulizwa ijibu katika siku 21, na kama jambo linahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Si lazima uwe mwandishi wala useme kwa nini unauliza. Wangapi kati yetu tulijua kwamba tunaweza kuiandikia kaunti kuuliza barabara yetu ilitengewa pesa ngapi?

Kuna pia hakimiliki. Kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, ulichoandika kwa hiari yako ni chako, na kinalindwa hadi miaka 50 baada ya kifo chako. Lakini kazi uliyoagizwa na mtu huhesabiwa kuwa ya aliyekuagiza, isipokuwa mmeafikiana vingine. Kwa hiyo usitie sahihi karatasi ambayo hujaisoma, hata kama furaha ya kuona jina lako gazetini imekuzidi. Na yeyote anayekutaka utoe pesa ndipo akuchapishe kwenye gazeti, huyo si mhariri, ni mfanyabiashara.

Nikiwa hapo, hapa kwetu neno chai lina maana mbili, na ile ya pili haikui shambani. Mgeni wetu alisema kuwa baada ya mikutano fulani waandishi hugawiwa bahasha "ya nauli". Maadili ya uanahabari yaliyo chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013 yanakataza hongo. Lakini mtu asiye na mshahara, mwenye njaa, na mbali na nyumbani, hujaribiwa kuliko aliyeajiriwa. Nilimwuliza kama amewahi kupokea. Alinyamaza kidogo, akajibu kuwa mara moja, na kwamba hakuiandika habari ile kwa sababu hakujua tena aiandike vipi.

Baraza hilo ndilo hutoa kitambulisho cha mwandishi, ambacho huombwa upya kila mwaka, na hata waandishi wa kujitegemea na wanafunzi wa vyuo vya uanahabari hukipata. Sisi wa sekondari muda wetu bado. Kwa sasa tuna daftari, gazeti la ukutani, na jarida hili.

Mama bado anauliza habari ya mshahara. Nimemwambia kuwa nitapanda chai kwanza. Na ile habari ya kilo moja sijaiacha. Wiki iliyopita nimewaandikia wenye kiwanda barua kuuliza kilo hiyo ilipangwa lini na kwa kipimo gani. Anwani nilipewa na karani mwenyewe.