Kumlegeza Mhusika wa Katuni Aliyekakamaa

Mhusika wa katuni hukakamaa pale viungo vyake vyote vinapoanza kusogea kwa pamoja, vikaenda kwa kasi ileile na kusimama kwa pamoja. Mwili ulio hai haufanyi hivyo. Mtu anapoinuka kitini, kichwa na kifua hutangulia mbele, uzito huhamia kwenye nyayo, ndipo makalio huachana na kiti. Mikono hufuata na kutulia mwisho. Anayemsahihisha mwanafunzi kwa kusema tu “imekauka, ilegeze” hajamsaidia, kwa kuwa ukavu huo hata mwanafunzi mwenyewe anauona. Asichokijua ni kiungo gani kilipaswa kutangulia, na kipi kilipaswa kuchelewa.

Kisangani, mkoani Tshopo, kuna darasa la wazi la jambo hili. Wavuvi wa Kigenia wanaovua kwenye maporomoko ya Boyoma hupiga kafi wakiwa wamesimama ndani ya mtumbwi, na ndivyo wafanyavyo watu wengi wa Mto Kongo hadi kushuka Basoko, unapoingia mto Aruwimi. Mwanafunzi akimchora mpiga kafi kwa mara ya kwanza, karibu kila mara huchora mikono tu ikienda mbele na nyuma. Miguu inakuwa kama imepigiliwa misumari, mgongo umenyooka kama mlingoti, na kichwa kinatazama mbele kana kwamba kazi hiyo inafanywa na mtu mwingine.

Ukimtazama mpiga kafi halisi, mambo huenda kwa mpangilio mwingine. Kwanza hujirudisha nyuma kidogo, kisha huinama mbele na magoti yakakunjika. Kafi huzama majini wakati nyonga tayari zimeanza kurudi. Bega hufuata nyonga, kiwiko hufuata bega, kifundo cha mkono hufuata kiwiko. Na kafi lenyewe, kwa kuwa maji yanalizuia, hubaki nyuma ya vyote. Linapotoka majini huwa jepesi ghafla, nalo hurudi mbele kwa haraka likipita njia ya upinde, si mstari ulionyooka. Kwa hiyo maoni yenye faida kwa mchoro ule yangesemwa hivi: “Kwenye fremu ya 9 nyonga bado hazijasogea na mkono umekwisha kuvuta. Zianzishe nyonga fremu tatu kabla ya mkono, halafu tuitazame tena.” Hapo mwanafunzi anajua akaguse wapi.

Hesabu za fremu ni lugha ya lazima katika kazi hii. Sekunde moja ya filamu ina fremu 24, na wachoraji wengi hutumia mchoro mmoja kwa kila fremu mbili, yaani michoro 12 kwa sekunde. Mwendo wa dakika moja unahitaji michoro 720. Ndiyo maana maoni yanayokuja mapema yana thamani kubwa kuliko yanayokuja mwishoni. Wakati mzuri wa kusahihisha ni pale mwanafunzi anapokuwa na pozi kuu tu, labda nne au tano, kabla hajachora zile za katikati. Kubadili pozi nne ni kazi ya jioni moja. Kumtaka afute michoro mia mbili ni kumvunja moyo, na wengi huiacha sanaa hii hapohapo.

Wanaotumia kompyuta wana mtego wao. Programu kama Blender, inayopatikana bure, hujaza yenyewe fremu za katikati. Lakini kompyuta inajua mkono ulianzia wapi na uliishia wapi. Haijui kwamba kafi ni zito. Mwanafunzi akiiachia kazi hiyo, viungo vyote huwasili siku moja, saa moja. Dawa ni kuvitenganisha: kiungo hiki kiwasili fremu mbili baada ya kile, na mwendo uanze polepole, ushike kasi, kisha upungue kabla ya kusimama.

Kanuni hizi si ngeni. Wachoraji wa studio ya Walt Disney walizichonga katika miaka ya 1930, na wawili kati yao, Frank Thomas na Ollie Johnston, wakazipanga kuwa kanuni 12 katika kitabu chao cha mwaka 1981. Ni orodha nzuri, ila kumsomea mwanafunzi zote 12 katika kikao kimoja ni kosa. Kwa kukakamaa kwa mwili, nne zinatosha kuanzia: kujiandaa kabla ya tendo, kuanza na kumaliza polepole, kupita njia ya upinde, na viungo kufuatana. Vidole, nywele na mikunjo ya nguo vingoje mpaka uzito ukae sawa, kwa sababu mtu asiyekanyaga ardhi hawezi kuokolewa na vidole vizuri.

Uzito ndio unaowashinda wengi. Toleka, zile baiskeli za abiria za Kisangani ambazo jina lao kwa Kilingala ni “tupite”, zinaufundisha vizuri. Dereva akiondoka na abiria mzito nyuma, husimama juu ya pedali, baiskeli huyumba upande huu na ule, na abiria hutikisika nyuma nukta moja baada ya dereva. Mwanafunzi aliyeifanya baiskeli iondoke kwa kasi kamili tangu fremu ya kwanza aambiwe aende akaitazame toleka, airekodi kwa simu, kisha ahesabu fremu. Au asimame yeye mwenyewe na kuliigiza tendo lile. Mwili wake utamweleza mengi kuliko mwalimu.

Wingi wa michoro nao hauondoi ukavu. Jean-Michel Kibushi, mmoja wa waanzilishi wa katuni nchini Kongo aliyeunda Studio Malembe Maa mwaka 1988, ametengeneza filamu kwa picha za karatasi na kwa vikaragosi, vitu ambavyo kwa asili havikunjiki kama mwili. Uhai wa filamu hizo unatoka kwenye muda: wapi pakawiwe, wapi pakimbiwe. Jina la studio yenyewe linabeba neno “malembe”, ambalo kwa Kilingala ni polepole.

Makosa mawili madogo hukamilisha orodha. La kwanza ni mapacha: mkono wa kulia na wa kushoto kufanya jambo moja kwa wakati mmoja. Kuuchelewesha mmoja kwa fremu mbili au tatu, au kuushusha kidogo, hutosha. La pili ni kudhani kwamba kukakamaa huponywa kwa kutikisa kila kitu, mpaka mhusika akawa kama anatetemeka homa. Mchuuzi wa samaki aliyeketi ufukweni akingoja wateja anaweza kukaa sekunde tatu bila kuinuka wala kupunga mkono, naye asionekane mfu: kifua kinapanda kidogo na kushuka, uzito unaegemea nyonga moja, na kope zinafumba na kufumbua mara moja, kichwa kikianza kugeuka kuelekea mtumbwi unaokuja.