Si Mwili Uliozoea Dawa

Kuna kauli iliyoenea mno katika maongezi yetu ya kila siku, nayo husikika majumbani, katika matatu na hata katika vyumba vya walimu. Mtu akiugua, akameza dawa na asipone, jirani humtazama kwa huruma na kutamka: "Mwili wake umeshaizoea dawa hiyo." Anayeitamka huitamka kwa yakini kubwa, na aghalabu hufuatiza ushauri kwamba itafutwe dawa iliyo kali zaidi. Mimi naihesabu kauli hiyo miongoni mwa zile zinazotudhuru pasi na sisi kujua, kwa maana humfanya msikilizaji aamini kwamba tatizo li ndani ya mwili wa mgonjwa yule peke yake, na kwamba wengine hawana sababu ya kujishughulisha nalo.

Mwili wa binadamu hauvizoei viuavijasumu, yaani zile dawa ambazo wengi huziita antibiotiki. Wanaobadilika ni bakteria. Na hata hapo lugha yataka uangalifu. Twasema kwamba bakteria wamekuwa "sugu", neno tulilolichukua kwenye ngozi iliyokakamaa ya kiganja cha mkulima. Sugu ya kiganja hutokea mkono ule ule unaposuguana na mpini ule ule wa jembe siku nenda siku rudi. Bakteria hawafanyi hivyo. Katika umati wao, wachache huzaliwa wakiwa na hitilafu ndogo katika urithi wao, nayo hitilafu hiyo, kwa bahati tu, huwakinga na dawa. Dawa iingiapo huwafagia wenzao wote, nao wale wachache wakabakia na uwanja mtupu na chakula tele. Bakteria wa jamii ya E. koli, akiwa katika mazingira mema, hujigawa mara mbili kila baada ya dakika 20 hivi. Mwanafunzi na achukue kalamu na karatasi ahesabu mwenyewe: bakteria mmoja aliyesalimika saa moja asubuhi aweza kuwa na kizazi cha zaidi ya bilioni moja ifikapo saa kumi na moja jioni.

Isitoshe, bakteria hawaurithishi usugu kwa watoto wao tu, bali hupeana wao kwa wao. Jambo hili lilidhihirika nchini Japani katika miaka ya 1950, wakati viini vya ugonjwa wa kuhara damu vilipoonekana kuhimili dawa nne kwa mpigo. Kufikia mwaka wa 1959 wanasayansi wa huko walikuwa wamethibitisha kwamba uwezo huo huhama kutoka kwa bakteria mmoja hadi kwa mwingine, hata wakiwa wa jamii mbalimbali. Ni mithili ya mtahiniwa aliyepata majibu ya mtihani kwa njia za magendo, akayanong'oneza darasa zima, kisha yakavuka ua hadi shule jirani.

Vitabu vyetu vya sayansi huisimulia habari ya penisilini kana kwamba ni ngano yenye mwisho mwema. Mnamo Septemba 1928, Alexander Fleming alirejea katika maabara yake kwenye hospitali ya St Mary's, London, akakuta kuvu imeota katika kisahani chake na kuwaangamiza bakteria waliokuwa karibu nayo. Mwanafunzi hukariri tarehe, akajibu swali, akafunga kitabu. Sijui ni kwa nini hatumsimulii yaliyofuata, ilhali ndiyo yenye mafunzo. Katika mwaka wa 1940, huko Oxford, Ernst Chain na Edward Abraham walitangaza kwamba wamegundua kimeng'enya kitolewacho na bakteria, ambacho huiharibu penisilini. Zingatia mwaka huo. Hakuna mgonjwa yeyote aliyekuwa amedungwa penisilini yao wakati huo. Dawa haijaanza kazi, na tayari ulinzi dhidi yake ulikuwa umekwisha kuonekana. Mwezi wa Februari 1941 walimtibu askari polisi mmoja aliyekuwa ameoza uso kwa maambukizi. Akaanza kupata nafuu. Dawa ilikuwa haba kiasi kwamba waliikusanya upya kutoka katika mkojo wake ili wamdunge tena. Ilipokwisha kabisa, maradhi yakarudi, naye akafariki mwezi wa Machi. Fleming mwenyewe, alipokuwa akitoa mhadhara wake wa Tuzo ya Nobel mnamo Desemba 1945, alionya kuhusu siku ambapo mtu yeyote ataweza kujinunulia penisilini dukani, akameza kidogo kisichotosha, na kwa kufanya hivyo akawalea bakteria wasiosikia dawa.

Kwa muda wa miongo miwili hivi onyo hilo halikuwasumbua wengi, kwa kuwa dawa mpya zilikuwa zikipatikana mfululizo, na zilipatikana mahali ambapo mtu hangetarajia. Streptomaisini, dawa ya kwanza ya aina hii kukitibu kifua kikuu, ilitoka katika vijidudu vya udongo wa New Jersey, Marekani, mwaka wa 1943. (Aliyeigundua kwa mikono yake ni mwanafunzi wa umri wa miaka 23, Albert Schatz, katika maabara ya mwalimu wake Selman Waksman. Tuzo ya Nobel ya mwaka wa 1952 ilipewa mwalimu peke yake. Walimu wenzangu na watafakari hapo.) Jamii ya sefalosporini ilianzia katika maji machafu ya mji wa Cagliari, kisiwani Sardinia. Vankomaisini ilitokana na udongo ulioletwa kutoka misitu ya Borneo. Fosfomaisini ilipatikana katika udongo wa Uhispania mnamo 1969. Kisa na maana ni kwamba viumbe hao wadogo wamekuwa wakipigana vita vya kemikali ardhini kwa mamilioni ya miaka, na sisi tulichofanya ni kuwaibia silaha. Kwa hiyo si ajabu kwamba ngao nazo zimekuwako siku zote.

Kisha kisima kikaanza kukauka. Watafiti walichimba udongo huku na kule, wakawa wanaokota dawa zile zile zilizokwisha kujulikana. Makampuni makubwa nayo yakapiga hesabu za biashara. Dawa ya shinikizo la damu mgonjwa huimeza maisha yake yote, ilhali kiuavijasumu humezwa kwa siku saba hivi; tena kikiwa kipya na bora, madaktari hukiweka akiba wasikitumie ila kwa dharura. Ni biashara gani hiyo, ambapo bidhaa ikiwa nzuri zaidi ndipo inapouzwa kidogo zaidi? Kampuni ya Achaogen ya California ilipata idhini ya kuuza dawa yake mpya, plazomisini, mwezi wa Juni 2018. Mwezi wa Aprili 2019 kampuni hiyo ilitangaza kufilisika. Wenye fedha waliliona hilo na wakaelewa.

Watu huku kwetu hupenda kudhani kwamba utafutaji wa dawa ni shughuli ya Wazungu, na kwamba sisi kazi yetu ni kungoja meli. Dhana hiyo haina msingi. Streptomaisini ilipojaribiwa peke yake dhidi ya kifua kikuu huko Uingereza, na matokeo yake kuchapishwa mwaka wa 1948, wagonjwa wengi walipata nafuu kisha viini vyao vikawa sugu. Dawa ya tatizo hilo ilikuwa ni kuchanganya dawa mbili au tatu kwa pamoja, ili bakteria aliyeiponyoka moja anaswe na nyingine. Hata hivyo, matibabu yalichukua mwaka mmoja na nusu au zaidi, na wagonjwa walichoka njiani. Ni wagonjwa wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia walioshiriki katika majaribio yaliyoendeshwa na watafiti wa Afrika Mashariki pamoja na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, na matokeo yaliyochapishwa mnamo 1972 yakaonyesha kwamba miezi sita yatosha ikiwa dawa zimechaguliwa vyema. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetibiwa leo kwa miezi sita, awe Lima au Manila, anafaidi kazi iliyofanywa katika wodi zetu.

Kazi ya namna hiyo haijakoma. Huko Kilifi, Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya, yaani KEMRI, kwa ushirikiano na shirika la Wellcome la Uingereza, imekuwa kwa miaka mingi ikichunguza viini vinavyowaua watoto wachanga. Mtoto wa siku tatu akiingiwa na bakteria katika damu, hana muda. Halii kwa nguvu, hanyonyi, mwili huwa wa moto au wa baridi, na daktari hulazimika kuamua kabla maabara haijasema neno. Kwa miaka mingi mwongozo wa Shirika la Afya Duniani umekuwa ni kumdunga ampisilini pamoja na jentamaisini. Zilikuwa dawa za kutegemewa. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2023, uliowahusisha watoto zaidi ya 3,200 katika hospitali 19 za nchi 11, Kenya na Uganda zikiwemo, uligundua kwamba madaktari walikuwa wakitumia michanganyiko zaidi ya 200 ya dawa. Michanganyiko mia mbili! Hiyo ni dalili ya watu wanaopapasa gizani, wala siwalaumu. Miongoni mwa watoto ambao bakteria walithibitishwa kuwamo katika damu yao, takriban mmoja kati ya kila watano alifariki.

Ndipo watafiti wakaigeukia ile fosfomaisini ya mwaka wa 1969. Ilijaribiwa kwanza kwa watoto 120 katika hospitali ya Kilifi, ili kujua kipimo kinachofaa na usalama wake, na baadaye likaanzishwa jaribio kubwa zaidi nchini Afrika Kusini na hapa Kenya, Kilifi ikiwemo, la kuilinganisha michanganyiko ya dawa kongwe ambazo bakteria wengi hawajapata kukabiliana nazo sana. Nalipenda jambo hili. Halina mbwembwe za uvumbuzi, wala halitamtajirisha yeyote, maana dawa hizo ni kuukuu. Hiyo ndiyo sababu hasa fedha zake hazina budi kutoka katika mifuko ya umma, kwa kuwa hakuna mfanyabiashara atakayezileta.

Yupo atakayesema kwamba lawama zote ni za mwananchi anayekimbilia kwenye kemisti kununua vidonge vya rangi mbili kila apigapo chafya. Ni kweli kwamba mafua husababishwa na virusi, na kwamba viuavijasumu haviviui virusi hata mtu akivimeza kwa kikombe. Hilo kila mwanafunzi wa kidato cha kwanza apaswa kulijua na kulipeleka nyumbani. Lakini mama anayenunua vidonge sita badala ya kumi na vitano hafanyi hivyo kwa ujinga. Ameuhesabu mkoba wake na nauli ya kurudi. Na ingawa sheria yataka cheti cha daktari, daktari yuko mbali, na foleni ya zahanati huanza alfajiri. Kumhubiria mama huyo pasipo kumsogezea zahanati ni kupoteza pumzi. Hata ule wito wa kumaliza dozi, tuliouzoea kwenye mabango, una wataalamu waliohoji msingi wake tangu 2017 kwa baadhi ya maambukizi, kwa kuwa yapo yanayopona kwa siku chache kuliko ilivyodhaniwa. Mgonjwa wa kifua kikuu, hata hivyo, asithubutu kuacha kabla ya muda wake.

Tena tuliangalie banda la kuku. Wafugaji wengi hutia viuavijasumu katika maji ya kuku wazima kabisa, kwa hofu ya hasara. Mnamo Novemba 2015 wanasayansi wa China walitangaza kwamba wamekuta katika nguruwe, na kwa baadhi ya wagonjwa hospitalini, usugu unaohama dhidi ya kolistini, dawa ambayo madaktari huitumia pale nyingine zote zinaposhindwa. Serikali ya nchi hiyo iliipiga marufuku kolistini kama kinenepesho cha mifugo mwaka wa 2017. Ulaya ilikuwa imekwisha kupiga marufuku vinenepesho vya aina hiyo tangu 2006.

Makadirio yaliyochapishwa mwaka wa 2022 yalionyesha kwamba usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo vipatavyo 1,270,000 ulimwenguni katika mwaka wa 2019, na kwamba eneo lililoumia zaidi kwa kulinganisha idadi ya watu lilikuwa ni Afrika Magharibi. Si kwamba Waafrika hao humeza dawa kuliko Wamarekani. Wanakufa kwa sababu dawa ya kwanza ikishindwa, ya pili haiko katika kabati la hospitali.

Utafutaji wa dawa mpya umeanza kupata uhai tena. Watafiti wa Boston walibuni kifaa cha kuwakuzia bakteria ndani ya udongo wenyewe, kwa vile wengi mno hukataa kuota maabarani, na mnamo 2015 wakatangaza dawa iitwayo teiksobaktini, iliyotoka katika udongo wa shamba la jimbo la Maine. Mwaka wa 2020 wenzao wa chuo cha MIT waliitumia kompyuta kuchambua maelfu ya kemikali na wakapata nyingine. Njia ni ndefu kutoka maabarani hadi kwa mgonjwa, lakini nawaambia wanafunzi wanaodhani kwamba biolojia imekwisha kuandikwa yote: udongo wa Bogoria, Kakamega na Arabuko-Sokoke haujasomwa hata kurasa zake za kwanza. Na atakayeusoma awe na wanasheria karibu, kwa sababu vimeng'enya vya vijidudu vya Ziwa Bogoria vilikwisha kufika viwandani ng'ambo, na kufikia mwaka wa 2004 tulikuwa tukizozana kuhusu nani alipwe.

Serikali ilizindua mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu huu mwaka wa 2017. Mipango tunayo. Ninalolitaka mimi ni dogo na laweza kuhesabiwa: kila hospitali ya kaunti iwe na maabara inayoweza kuotesha bakteria kutoka katika damu ya mtoto, na kumwambia daktari katika muda wa siku mbili au tatu ni dawa ipi ingali inafanya kazi. Mashine pekee hazitoshi. Panahitajika mtaalamu aliyeajiriwa, umeme usiokatika na bajeti ya kununua kemikali kila mwezi. Wabunge wa kaunti watakapoketi kupitisha makadirio ya fedha, wapiga kura wao na waulize ni ukurasa gani ulioitaja maabara hiyo.