Jeni Zinazompa Bakteria Mshiko Utumboni

Utumbo mwembamba hautulii. Chakula, maji na ute husukumwa kwenda chini usiku na mchana, na bakteria asiye na pa kujishikiza huondoka navyo hadi chooni. Anaweza kuwa na sumu kali, lakini sumu hiyo haina kazi kubwa ikiwa mwenyewe anapita tu. Ndiyo maana aina nyingi za bakteria wanaoharisha watu zina jeni za kutengeneza fimbria: nyuzi nyembamba za protini zinazochomoza mwilini mwao na kuwawezesha kung'ang'ania ukuta wa utumbo kama kupe.

Ushahidi mzito wa jambo hili ulitoka kwa nguruwe. Mwaka 1971, watafiti wa Uingereza H. Williams Smith na M. A. Linggood walichukua E. coli aliyekuwa akiwaharisha watoto wa nguruwe, wakamwondolea plasmidi moja. Plasmidi ni kipande kidogo cha DNA kilicho nje ya kromosomu, na hiki kilibeba jeni za fimbria iitwayo K88. Bakteria alibaki na sumu yake, ila hakuweza tena kuleta ugonjwa. Aliporudishiwa plasmidi, watoto wa nguruwe wakaharisha upya.

Je, binadamu?

Mjini Dhaka, Bangladesh, E. coli mwingine alipatikana kwa mgonjwa aliyeharisha mithili ya mwenye kipindupindu. Aliandikishwa kwa jina la H10407, na mwaka 1975 wanasayansi wakaeleza fimbria yake, CFA/I. Miaka mitatu baadaye, watu waliojitolea walinyweshwa bakteria huyo. Waliopewa H10407 kamili waliugua. Waliopewa ndugu yake aliyepoteza plasmidi yenye jeni za CFA/I, ambayo pia ilibeba jeni ya mojawapo ya sumu zake, hawakuharisha.

Kinachostaajabisha ni kwamba CFA/I hujengwa kwa jeni nne tu, zilizopangana bega kwa bega. Jeni ya cfaB hutoa protini inayorudiwa zaidi ya mara 1000 hadi kuwa uzi mzima. cfaA hutoa protini inayozilinda nyingine zisijikunje vibaya kabla ya kuunganishwa. cfaC hutoa mlango kwenye utando wa nje, ambamo uzi hupitia ukitoka. cfaE hutoa ncha, na ncha hiyo ndiyo inayoshika seli za utumbo. Uzi wenyewe umejiviringa. Mkondo wa utumbo ukiuvuta kwa nguvu, hujikunjua na kurefuka badala ya kukatika.

Jeni hizo hazifanyi kazi wakati wote. Katika joto la mwili, nyuzi 37 za Selsiasi, fimbria hujengwa. Kwenye baridi ya nyuzi 18 ujenzi husimama. Kwa hiyo bakteria hapotezi nguvu zake kujenga nyuzi akiwa nje, bali huanza akishaingia tumboni.

Hatari kubwa zaidi ni kuhama. Plasmidi nyingi zinaweza kupita kutoka kwa bakteria mmoja hadi mwingine, na E. coli asiye na madhara akipokea jeni za fimbria pamoja na za sumu, anageuka kuwa mwuaji wa watoto. Utafiti mkubwa uliofanyika katika nchi saba, ikiwemo Kenya kupitia kituo cha Siaya, ulitoa matokeo yake mwaka 2013. E. coli wa kundi hili alikuwa miongoni mwa visababishi vinne vikuu vya kuhara kwa kiwango cha kati hadi kikali kwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Kwa wafugaji, maarifa haya yameshazaa matunda: nguruwe jike huchanjwa dhidi ya K88 kabla ya kuzaa, na watoto wake hupata kinga kupitia dang'a. Kwa binadamu kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu E. coli wanaotuharisha wana zaidi ya aina 20 za nyuzi na protini za kujishikiza, na kinga dhidi ya moja haizuii zote. Chanjo ya kunywa iitwayo ETVAX, iliyobuniwa Sweden, imebeba nne kati ya zile zinazopatikana sana: CFA/I, CS3, CS5 na CS6. Imeshajaribiwa kwa watoto Bangladesh, Zambia na Gambia. Wakati majaribio yakiendelea, mtoto anayeharisha bado anahitaji maji ya ORS na vidonge vya zinki mapema, kabla mwili haujakauka.