Shotgun ya mtumba hukaguliwa kwa risasi, si kwa macho

Katika maduka ya silaha ya Marekani, bunduki ya marisau, ambayo wengi tunaiita shotgun, huuzwa ikiwa imetumika karibu kama gari linavyouzwa. Nyingi kati ya hizo ni za nusu otomatiki: ukivuta triga mara moja inatoka risasi moja, kisha bunduki yenyewe inatupa ganda na kupandisha risasi nyingine. Ya kwanza ya aina hiyo kufanikiwa sokoni ilikuwa Auto-5 ya John Moses Browning, iliyosajiliwa kwa hataza mwaka 1900 na kuanza kutengenezwa na kiwanda cha FN cha Ubelgiji mwaka 1902. Iliendelea kutengenezwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1990. Remington 1100, iliyotoka mwaka 1963, imeuzwa zaidi ya milioni nne. Kwa hiyo mnunuzi wa leo anaweza kabisa kupewa bunduki iliyo na umri mkubwa kuliko yeye, mbao zake zimepigwa vanishi upya na chuma kimefutwa mafuta kikang'aa. Hoja ya makala haya ni kwamba mng'ao huo haumwambii kitu cha maana. Fedha zisitoke mfukoni kabla bunduki haijafyatuliwa renji, na majaribio hayo yapangwe kwa nia ya kuutafuta ubovu, si kwa nia ya kujifurahisha.

Sababu iko ndani ya mtambo wenyewe. Shotgun ya mitutu miwili, au ile ya kukokwa kwa mkono, humtegemea mpigaji kutoa ganda na kuingiza risasi. Ya nusu otomatiki inakopa nguvu kutoka kwenye risasi iliyotoka sasa hivi ili kuandaa inayofuata. Katika Auto-5, mtutu na bolti hurudi nyuma pamoja kwa kishindo cha risasi, kisha springi huvirudisha mbele. Katika Remington 1100, sehemu ndogo ya gesi ya baruti hupenya kwenye vitundu vya mtutu na kusukuma pistoni iliyovaa bomba la magazini. Benelli ya Italia inatumia njia ya tatu: bunduki nzima inaruka nyuma kuelekea bega, bolti inachelewa kidogo kwa uzito wake, springi fupi iliyo ndani ya bolti inabanwa, kisha inajikunjua na kuifanyisha kazi. Njia zote tatu zina sharti moja, nalo ni kwamba nguvu iwe ya kiasi. Ikipungua, ganda linakwama mlangoni. Ikizidi, chuma kinagonga chuma na kitu kinapasuka. Kiasi hicho hakionekani kwa macho dukani. Kinajulikana risasi zinapopita.

Tazama jinsi ubovu unavyojificha. Remington 1100 ina pete ya mpira, nyembamba kama bangili ya mtoto, inayozuia gesi isivuje kwenye bomba la magazini. Ikikauka na kupasuka, gesi inapotea na bunduki inageuka ya risasi moja moja, ingawa kwa nje haina doa. Katika bunduki nyingi za jamii hii, springi ya kurudisha bolti mbele imo ndani ya kitako, mahali ambapo maji ya mvua na ya madimbwi ya kuwindia bata huingia na hapafikiwi na kitambaa cha kusafishia. Mwenye bunduki anaweza kuupangusa mtutu kila Jumapili kwa miaka 20, na springi hiyo ikaendelea kuliwa na kutu. Auto-5 nayo ina pete za kukaza mwendo chini ya mbao ya mbele. Zinapangwa kwa namna moja kwa risasi nzito na kwa namna nyingine kwa risasi nyepesi. Aliyezifungua na kuzirudisha vibaya anauza bunduki inayokataa kutupa maganda, au inayojigonga hadi mbao ya mbele inapata ufa. Mnunuzi asiyeifungua mbao hiyo hataujua mpangilio huo, na hata akiifungua, atahitaji risasi kuthibitisha kuwa uko sawa.

Majaribio yenye maana yana utaratibu wake. Kwanza hakikisha bunduki ni tupu, chungulia mtutu wote kuona kama una uvimbe, kutu au kizuizi, kisha soma maandishi ya urefu wa chemba. Jambo hili ni la usalama kabla ya lingine lolote. Risasi ya milimita 76 inaweza kuingia katika chemba ya milimita 70 bila kulalamika, kwa sababu urefu unaoandikwa ni wa ganda likishafunguka. Inapolipuka, mdomo wa ganda hukosa nafasi ya kufunguka na shinikizo hupanda. Baadhi ya Auto-5 za zamani za geji 16 zina chemba fupi zaidi, ya milimita 65 hivi. Baada ya hapo weka risasi moja tu na uifyatue. Kisha weka mbili, wala usiijaze magazini bado. Kishikio cha nyundo kikiwa kimelika, bunduki inaweza kutoa risasi ya pili bila triga kuvutwa tena, na ni heri hilo litokee ikiwa na mbili kuliko ikiwa na tano. Ikivuka hapo, ijaze, na uilishe risasi za uzito tofauti: gramu 24 zinazotumiwa katika mashindano ya Olimpiki, 28, na 32. Uiache ichafuke bila kuifuta katikati ya kazi, kwa sababu masizi ndiyo huziba vitundu vya gesi, na muuzaji mwerevu huileta ikiwa imesafishwa.

Maganda yaliyoanguka ni ushahidi wa kuokotwa, si takataka. Likamate moja na ugeuze kitako chake. Katikati ya fataki panatakiwa alama ya duara iliyozama vizuri. Ikiwa ni kijidoa cha juu juu, springi ya nyundo imechoka au uchafu unaizuia pini. Ukingo wa shaba ulioraruka unamaanisha ukucha unaochomoa ganda unahangaika, au chemba ina kutu inayoling'ang'ania. Shaba iliyovimba upande mmoja ni sababu ya kusimamisha kazi hapo hapo. Angalia pia maganda yanadondokea wapi: yakikaa karibu fungu moja, mtambo una mwendo wa kudumu; yakitawanyika, moja miguuni na jingine mbali, nguvu inayouendesha haiko thabiti.

Je, risasi ngapi zinatosha? Wengi hupiga boksi moja la risasi 25 na kuridhika. Hesabu inakataa. Chukua bunduki inayokwama mara moja katika kila risasi 50, ubovu wa kumkera mpigaji yeyote. Uwezekano wa kupita boksi zima bila kukwama ni kama asilimia 60, maana yake mara sita katika kumi utaitangaza nzima. Ukipiga risasi 100, uwezekano wa kudanganywa unashuka hadi asilimia 13 hivi. Kwa upande mwingine, bunduki inayokwama mara moja katika kumi itanaswa na boksi hilo moja zaidi ya mara tisa katika kumi. Kwa hiyo boksi moja linatosha kuikataa bunduki mbovu sana, lakini halitoshi kuidhamini nzuri. Tofauti ya gharama kati ya boksi moja na manne ni ndogo mbele ya bei ya silaha.

Wapo wanaopinga kwamba kukwama hakuthibitishi kitu, maana huenda kosa ni la risasi dhaifu au bega legevu. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwa Benelli na jamaa zake: mpigaji akiishika kilegevu, au bunduki ikiwa imefungwa tochi na vishikio vya risasi vinavyoiongezea uzito, mwendo wa kurudi hupungua na bolti haikamilishi kazi. Lakini jibu lake ni kupima vizuri zaidi, si kuacha kupima. Badilisha jambo moja kwa wakati: risasi ile ile kwa mpigaji mwingine, kisha mpigaji yule yule kwa risasi nzito. Ubovu ukiifuata risasi, umejua chakula ambacho bunduki haili. Ukibaki kwa kila mtu na kila risasi, ni wa bunduki. Tena, bunduki isiyokubaliana na bega lako au na risasi unazoweza kuzimudu ni mbovu kwako, hata kama ni nzima kwa jirani.

Wengine watasema ukaguzi wa fundi au muhuri wa serikali unatosha. Uingereza ina mfano mzuri: nyumba za majaribio za London na Birmingham hufyatua risasi zenye shinikizo kubwa kuliko la kawaida na kupiga chapa mtutu uliohimili, na sheria ya mwaka 1868 inakataza kuuza bunduki isiyo na chapa halali. Marekani haina sharti kama hilo kisheria. Viwanda hujipimia vyenyewe. Ila hata chapa ya Birmingham inasema mtutu hautapasuka, haisemi ganda litatoka. Naye fundi anaona ufa, anapima chemba na kujua springi iliyofupika, na kazi yake itangulie. Bado anakagua chuma kilichosimama, na wewe unanunua chuma kinachokwenda.

Pingamizi zito zaidi ni la muuzaji: hakuna renji karibu, au haruhusu bidhaa yake ichafuliwe na mtu ambaye huenda asinunue. Hapa Afrika Mashariki kuna la ziada, kwamba Kenya na Tanzania hakuna silaha inayobadili mkono bila kibali cha mamlaka, na kuifyatua kunahitaji mahali palipoidhinishwa. Sheria hiyo haina mjadala. Lakini mnunuzi anaweza kulipia risasi na ada ya renji, mwenye bunduki akaisimamia mwenyewe na kuifyatua, yeye akaokota maganda na kuhesabu. Hilo likishindikana, yawepo maandishi ya kuirudisha ndani ya muda fulani, au bei ishuke kwa kiasi cha hatari anayobebeshwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: anayekataa njia zote tatu amekwisha kukupa jibu.

Ikishapita hayo, malizia kwa karatasi. Piga risasi kadhaa, kila moja kwenye karatasi yake, umbali wa yadi 40, kisha chora duara la sentimita 76 kuzunguka marisau yalikojaa. Fungu likikaa kando ya ulipolenga, mtutu umepinda au kitako hakikufai. Na mwenye Auto-5 ya Ubelgiji asiipigie marisau ya chuma. Browning wenyewe wanakataza, kwa kuwa mitutu hiyo ilitengenezwa kwa marisau laini ya madini ya risasi.

Basi hukumu iwe hivi. Pete ya mpira iliyokauka, springi iliyochoka na masizi kwenye vitundu ni mambo ya kupunguziana bei, kwa kuwa yana vipuri na fundi. Mtutu uliovimba, ufa kwenye mwili wa chuma, na bunduki inayotoa risasi mbili kwa mvuto mmoja wa triga havina bei ya kupatana. Pakua risasi, irudishe kwa mwenyewe, mweleze kilichotokea ili asimuuzie mwingine, na fedha zako ubaki nazo.