Koti la mama na ufagio wa bahari ya Iskandaria

 

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tumependa kuzungumzia jambo linalozigusa familia nyingi miongoni mwetu. Nalo ni mtoto anayepelekwa nchi ya mbali kutafuta elimu, pamoja na fedha zinazomfuata huko alipo. Katika kulieleza hatutamsema mtu mwingine. Tutajisema wenyewe, kwani aibu ya mtu ikishakuwa funzo kwa wenziwe hupungua uzito wake.

Ilikuwa Novemba 2004, siku chache baada ya Idi el Fitr. Sisi tunaoandika makala haya tulikuwa mwaka wa kwanza wa masomo mjini Cairo, tukiishi katika mabweni ya wanafunzi wa kigeni huko Abbasiya. Mama yetu mzazi, mjane anayeuza vitumbua mjini Tanga, alikuwa amepokea zamu yake ya upatu. Akazibadili fedha zile zikawa dola 60, akampa mwalimu mmoja aliyekuwa akija Misri, pamoja na barua fupi. Ndani ya barua hiyo aliandika kuwa amesikia Misri kuna baridi kali, hivyo fedha hizo ni za koti, na wala tusizifanyie jambo jingine.

Wanafunzi wawili tuliokuwa nao chumba kimoja, mmoja wa Lamu na mwingine wa Kigoma, walikuwa wameshapanga kwenda Iskandaria mwisho wa juma hilo. Tangu tufike Misri hatukuwa tumeiona bahari, na aliyezaliwa Tanga akikaa miezi bila kuiona bahari hujihisi kama amefungiwa ndani. Tukajiambia kuwa baridi bado haijaingia, na kwamba nauli ya gari moshi ni ndogo. Tukajiambia pia kuwa zitakazobaki zitatosha koti. Shetani hamwendei mwanafunzi wa dini kwa kumwambia aibe. Humwendea kwa kumpigia hesabu.

Safari ya saa tatu

Alhamisi baada ya Alasiri tulipanda gari moshi la daraja la tatu katika stesheni ya Ramsis. Kutoka Cairo hadi Iskandaria ni zaidi ya kilomita 200, na njia nzima hupita katika mashamba ya bonde la Mto Nile. Ndani ya behewa palikuwa na wachuuzi wa chai na mikate ya ufuta, askari waliopewa likizo, na akina mama waliobeba bata hai katika matenga. Tulisoma dua ya safari, na Magharibi na Isha tukaziswali kwa kuzikusanya, Isha tukiipunguza, kwa kuwa umbali ule unampa msafiri ruhusa hiyo. Usiku tulilala kwa kijana mmoja wa Unguja aliyekuwa akisomea ubaharia mjini humo. Alitupokea kwa wali wa samaki, na tukala kana kwamba tumerudi kwetu.

Asubuhi ya Ijumaa tuliiona bahari. Sisi tuliizoea Bahari ya Hindi, inayokupwa hadi wanawake wakatembea kwa miguu kwenda kuokota chaza, kisha ikajaa hadi kwenye mikoko. Bahari ya Mediterania, ambayo Waarabu huiita Bahari Nyeupe ya Kati, haina maji kupwa wala maji kujaa ya kuonekana kwa urahisi. Maji yake husimama palepale mchana kutwa. Mwenzetu wa Kigoma alicheka, akasema kuwa hiyo basi ni kama Ziwa Tanganyika lililotiwa chumvi.

Tulianzia kwenye maktaba mpya iliyofunguliwa mwaka 2002 karibu na mahali panapodhaniwa ilikuwapo maktaba mashuhuri ya kale. Ukuta wake wa nje ni wa mawe ya matale ya kijivu, yaliyochongwa herufi za maandishi ya mataifa mengi ya dunia. Kutoka hapo tukafuata barabara ya ufukweni, mwendo wa zaidi ya saa nzima kwa miguu, hadi mtaa wa Anfushi ulipo msikiti wa Abul Abbas al-Mursi.

Aliyeitunga Hamziya

Sheikh Abul Abbas alizaliwa Murcia katika nchi ya Andalusia, akaja Iskandaria pamoja na mwalimu wake, Sheikh Abul Hasan ash-Shadhili, na kufariki humo mwaka 1287. Miongoni mwa wanafunzi wake ni Ibn Ata'illah, mwandishi wa kitabu cha Hikam kinachosomeshwa hadi leo katika vyuo vyetu vya pwani. Jengo la msikiti tulilolikuta ni la karne ya 20, lenye kuba refu na nguzo za mawe. Msafiri halazimiki kuswali Ijumaa, lakini tulisema kuwa hatutapita mlango ule bila kuingia. Hotuba ya siku hiyo ilihusu kuwatendea wema wazazi. Tuliisikiliza tukiwa tumeinamisha vichwa.

Baada ya Swala tulivuka uwanja hadi msikiti mdogo ulio mkabala, na hapo mwenzetu wa Lamu akasimama ghafla. Ulikuwa msikiti wa Imam al-Busiri, mtunzi wa Burda na Hamziya. Kijana huyu alikuwa ameisikia Hamziya tangu utotoni, kwa Kiarabu na kwa tafsiri ya Kiswahili iliyotungwa na Sayyid Aidarusi bin Athumani wa Pate, lakini hakuwahi kufikiri kuwa aliyeitunga ana mahali alipozikwa, mahali penye mlango na mtaa.

"Bibi yangu ameihifadhi nzima," alituambia, "na hajui kuwa mimi nimesimama hapa."

Tulitoa salamu kama Mtume (S.A.W.) alivyotufundisha kuwasalimia waliotangulia, tukawaombea maghufira, tukatoka. Njiani hakusema neno kwa muda mrefu. Nasi tulikuwa tukimfikiria mama yetu, ambaye naye hakujua mahali tulipo.

Mzee wa mashua

Mbele ya Anfushi ndipo zinapojengwa mashua za uvuvi. Tulimkuta mzee mmoja akisindika nyuzi za pamba katika nyufa za mbao. Alipotutajia jina la kazi ile kwa Kiarabu chao, tulilitambua papo hapo, kwa sababu ni lile lile tunalolitumia sisi: kalafati. Babu yetu alikuwa baharia wa jahazi na kalafati ilikuwa kazi yake kila msimu wa matengenezo. Tulipomweleza hivyo, mzee aliacha nyundo, akaagiza chai.

Akatuuliza, "Wanangu, makoti yenu yako wapi?"

Wenzetu wawili walikuwa nayo. Sisi tulikuwa na shati na sweta jepesi. Tukamjibu kuwa mbona jua linawaka.

Mzee akatueleza kuwa watu wa Iskandaria wana hesabu ya dhoruba za majira ya baridi, na huziita nawwa. Kila nawwa ina jina lake na wakati wake, na wavuvi hupanga kazi zao kwa hesabu hiyo, kama wazee wetu wanavyohesabu kusi na kaskazi. Ile ya katikati ya Novemba huitwa al-Maknasa, yaani ufagio, kwa kuwa inafagia. "Hii ndiyo wiki yake," alisema, akituonyesha mashua zote zilizokwishavutwa nchi kavu. Alitushauri tusiende mbali.

Hatukumsikiliza. Ngome ya Qaitbay ilikuwa ikionekana pale mbele, mwendo wa dakika chache. Sultani Qaitbay aliijenga baina ya mwaka 1477 na 1479, pale pale uliposimama mnara wa taa uliohesabiwa miongoni mwa maajabu ya ulimwengu wa kale. Ibn Battuta aliufikia mnara huo mwaka 1326, akiwa kijana wa miaka 22, akakuta upande wake mmoja umebomoka. Miaka mitano baadaye, mwaka 1331, alifika Mombasa na Kilwa. Aliporudi Iskandaria mwaka 1349 mnara ulikuwa umeharibika kiasi kwamba hakuweza hata kuingia mlangoni. Safari hiyo ya kurudi ndiyo iliyompa habari nzito. Alipofika Dameski mwaka 1348 alielezwa kuwa baba yake alifariki miaka 15 iliyopita. Na alipokaribia nyumbani, katika mji wa Taza, akaambiwa kuwa tauni imemchukua mama yake. Huyo alikuwa msafiri mkubwa katika historia yetu, na yalimpata hayo.

Tulikuwa juu ya ukuta wa ngome upepo ulipogeuka. Kwanza bahari ilibadilika rangi upande wa magharibi. Kisha mawimbi yakaanza kuruka mawe ya ufukweni, mvua ikaja kwa ubavu, si kwa juu. Katika muda wa kunywa kikombe cha kahawa tulilowa hadi mifupani. Tulikimbia kurudi Anfushi, meno yakigongana. Mzee alikuwa ameketi chini ya turubai la mashua yake. Hakutucheka. Alivua koti lake zito la sufu akatutupia mabegani, akabaki na kanzu yake na kilemba.

Tulipokataa, alisema, "Livae. Wewe una mama anayekusubiri. Mimi mama yangu alikwishatangulia, hakuna wa kuniuliza."

Ndugu msomaji, maneno hayo yalituingia kuliko ile baridi. Mtu asiyetujua alikuwa ametupa bure kitu ambacho mama yetu alishakilipia, nasi tukakiuza kwa nauli ya matembezi.

Simu ya Tanga

Mvua ilipopungua tulimrudishia mzee koti lake, tukaenda kwenye kibanda cha simu. Tanga walikuwa wameshaswali Isha. Jirani aliyekuwa na simu alimwita mama. Tulimsalimia shikamoo, tukamweleza yote bila kupunguza.

Akanyamaza, na dakika za simu zikawa zinakwenda. Kisha akauliza, "Ijumaa umeswali?"

"Nimeswali, mama."

"Haya. Hizo zilizobaki katafute koti, hata la mtumba. Na siku nyingine nikikuuliza umevaa nini, niambie kweli. Fedha nitapata nyingine. Mtoto anayenificha sitamjua tena ni yupi."

Jumamosi tulirudi Cairo tukiwa na homa iliyotulaza siku nane. Tulipopona tulikwenda Wikalat al-Balah, soko la nguo za mitumba, tukapata koti la kijivu lenye vifungo vitatu kati ya vitano. Tulilivaa miaka mitatu.

Mwaka 2007 tuliporejea Tanga, tulikuta jiko la mama limeezuliwa upande mmoja na kufunikwa kwa nailoni. Dada yetu ndiye aliyetueleza kuwa upatu ule wa 2004 ulikuwa wa mabati ya jiko. Mama aliposikia habari za baridi ya Misri aliyaahirisha, na tangu hapo zamu zake za upatu zikawa zinakwenda kwingine. Misimu mitatu ya masika alipika vitumbua chini ya nailoni. Hakututajia hata siku moja, wala hatukuthubutu kumuuliza. Mshahara wetu wa kwanza ulinunua mabati.

Tunalojifunza

Mwenyezi Mungu (S.W.) ametuamrisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 58, kuzirudisha amana kwa wenyewe. Wengi wetu tukisoma aya hiyo tunafikiria vitu vya watu wa mbali. Lakini fedha ambayo mzazi amesema ni ya jambo fulani nayo ni amana, na kuigeuza bila idhini yake ni kuivunja, hata kama tumeitumia katika jambo lisilo haramu. Kuiona Iskandaria hakukuwa kosa, kwani kutembea katika ardhi na kuzingatia ni jambo tulilohimizwa. Kosa lilikuwa kutomwomba mwenye fedha. Na leo, tukimfahamu mama yetu kama tunavyomfahamu, tunaamini kuwa tungemwomba angeturuhusu, kisha angetuhimiza tuvae nguo nzito.

Wazazi nao tunawaomba jambo moja. Mnapompelekea mtoto fedha, msimfiche zimetoka wapi. Mwambieni kuwa hizi zilikuwa za mabati, hizi za ng'ombe, hizi za deni lililosogezwa mbele. Si kwa kumsimanga, bali apate kujua uzito wa anachokishika. Nasi tungaliujua uzito huo, huenda tusingalikwenda stesheni ya Ramsis siku ile.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa dua ya mzazi na dua ya msafiri ni miongoni mwa dua zisizorudishwa. Basi wenye watoto ugenini waombeeni katika saa hii ya Ijumaa. Nanyi mlio ugenini, waombeeni wazazi wenu, na wapigieni simu leo hii kabla jua halijatua.

Wabillahi tawfiq.